Uzi wa rangi tatu

Masika ya mwaka 2009 nilikuwa nimeushika mkoba wa uganga wa marehemu babu kwa muda uliotosha watu wa vijiji vya bonde la Ruvu kunifahamu, lakini haukutosha kuniamini katika mambo mazito. Nilikuwa mganga wa aina ambayo wazee wetu wa Kizaramo hawakuizoea: nimesoma hadi kidato cha nne, nimeuza katika duka la dawa Dar es Salaam, kisha nimerudishwa nyumbani na maradhi ambayo vipimo havikuyaona, hata wazee wakaketi wakaamua kwamba mizimu ya babu inadai mrithi. Nilipoukubali mkoba, nilipona. Sina maelezo mengine ya jambo hilo, na sijayatafuta. Wateja wangu wa mwanzo walikuja na chango, ndoto mbaya, au habari za mume aliyehama nyumba. Mtoto mwenye degedege hakuwa ameletwa kwangu hadi usiku ninaousimulia.

Waliingia baada ya isha bila kubisha hodi wala kuamkiana, na hilo peke yake lilinieleza ukubwa wa shida. Mbele alikuwa bibi yake mtoto akimulika kwa tochi, nyuma yake mkwewe, msichana mdogo tu, amembeba mwanawe wa kike aliyeviringishwa khanga mbili. Mtoto alikuwa amekaza meno, macho yamepanda juu, mikono inarukaruka, na mwili wake ulikuwa wa moto kiasi kwamba niliuhisi kabla sijamgusa.

“Mwanangu, ndege amempitia huyu,” alisema yule bibi. “Baba yake anataka hospitali. Mimi nimekataa. Mwenye degedege hachomwi sindano.”

Katazo hilo kila mtu wa pwani amelisikia. Degedege huletwa na ndege apitaye usiku juu ya paa, na mtoto aliyepitiwa akichomwa sindano hufa. Kwa hiyo huogeshwa majani, hufukizwa mavi ya tembo, na hospitali husubiri. Wasomi hulicheka, lakini mimi sikuona la kucheka, kwa sababu watu walilijenga juu ya mambo waliyoyaona kwa macho yao. Mtoto huzungushwa kwa waganga siku mbili tatu, hufikishwa hospitali amebakiza pumzi, huchomwa sindano, na kabla ya alfajiri amefariki. Anayekumbukwa ni mshika sindano, kwa kuwa ndiye wa mwisho kumgusa.

Nami, kutokana na miaka yangu ya dukani, nilijua kwamba kilichokuwa kinamtikisa mtoto yule yaelekea ni malaria iliyopanda kichwani. Dawa mseto ya malaria ilikuwa imekwisha kuingia nchini tangu miaka michache nyuma, lakini mtoto aliyekaza meno hamezi kidonge. Njia pekee iliyobaki ilikuwa ile ile iliyokatazwa.

Nilimlaza ubavu, nikamfungua khanga, nikamzuia mama yake asimtie kijiko kinywani. Nilivuruga kivumbasi katika maji baridi nikamkanda mwili mzima, jambo lililomridhisha bibi na kupunguza joto kidogo. Moshi wa mavi ya tembo niliuacha. Kifua cha mtoto kilikuwa kinapanda na kushuka kwa shida, na nilisema wazi kwamba sitauongeza mzigo huo. Mtikisiko ulipotulia, nilichoma ubani, nikaweka mkoba mbele yangu, nikawaita wazee wangu kwa majina mmoja mmoja. Niliwaambia kwamba mtoto nimekwisha kumtoa kwa ndege, kwamba sasa nampeleka kwa watu wa sindano kwa mkono wangu mwenyewe, na kwamba naomba sindano hiyo iwe yetu. Kisha nilisokota uzi mweusi, mweupe na mwekundu, nikamfunga mkononi.

“Akiwa na huu, achomwe,” nilimwambia bibi.

Alinitazama kwa muda mrefu, kisha akamwambia mkwewe afunge mbeleko.

Nimeulizwa na vijana, tena si mara moja, kama sikumdanganya bibi yule. Jibu langu ni kwamba sikuwa naigiza: niliomba kwa moyo wote, nikiwa na hofu kama wao. Zaidi ya hayo, katazo lile lilitoka kilingeni, kwa waganga, na halikuwa la daktari kuliondoa. Mtu ambaye angesimama kibandani saa ile akaeleza habari za vimelea na mbu angekuwa amesema kweli tupu, na mtoto angebaki pale pale mkekani.

Tulifika mjini juu ya gari la mkaa, katika tope na mvua. Muuguzi wa zamu alipotaka kuweka dripu, aliukuta uzi umekaa pale pale alipotaka mshipa, akachukua mkasi. Nilimwomba auhamishie mguuni. Alinikagua kuanzia kilemba hadi ndala, akaniuliza kama mganga ndiye mimi, na nilipokiri akasema kwamba sisi ndio tunaowaletea maiti. Sikubishana naye, maana maiti alizozisema zilikuwepo. Nilirudia ombi langu tu, kwa kuwa bibi alikuwa amesimama mlangoni akiutazama mkasi ule, na niliona dhahiri kwamba uzi ukikatwa mtoto ataondolewa kitandani. Muuguzi alishusha pumzi, akaufungua kwa vidole, akaufunga kwenye kifundo cha mguu. Nafikiri alielewa, ingawa hakuniambia neno. Damu ilionyesha malaria. Aliwekewa kwinini pamoja na maji ya sukari, na siku ya pili yake aliomba uji.

Muuguzi alihesabu kwamba ni kwinini. Bibi alihesabu kwamba ni uzi, akalitangaza hilo kisimani na msibani, na heshima niliyokuwa sina ikaja yote kwa mpigo. Iliniletea tabu niliyoiona mapema: kina mama walianza kupita kwangu kwanza na watoto wenye homa ili wafungwe uzi ndipo waende hospitali, na kupita kwangu ni mwendo wa saa nzima kwa aliyetoka ng'ambo ya mto.

Kwa hiyo bibi aliponiletea jogoo wa shukrani, na kuniomba nyuzi za akiba kwa wajukuu wengine, nilimpokea jogoo nikakataa nyuzi. Nilimwambia kwamba mizimu imebadilisha utaratibu: mtoto aende hospitali moja kwa moja, achomwe, na uzi atafungwa akirudi akiwa mzima, pamoja na mama yake. Hakupendezwa. Aliuliza kama nimechoka na kazi. Lakini wengi wa upande wetu waliufuata utaratibu huo, na wachache walihamia kwa mganga mwingine huko chini ya mto, ambaye bado anafukiza.