Nilivyochagua mbegu ya tungule shambani kwangu Utange

Msimu wa kwanza nilipanda Cal-J kwa sababu moja tu: ndiyo mbegu aliyokuwa nayo mwenye agroveti siku ile. Alinisifia, na hakudanganya. Mmea ni mfupi, hautaki miti mirefu ya kushikilia, na tungule (nyanya) zake zinaiva kwa mkupuo. Tatizo nililikuta Kongowea, soko kubwa la Mombasa. Nilifika alfajiri na makreti yangu matatu, malori ya Taveta na Kimana yashashusha kitambo. Cal-J yangu na Cal-J yao, nani atazitofautisha? Dalali akataja bei, nami nikaikubali, maana tungule haingoji.

Zilizobaki nilimpelekea shangazi akaunga mchuzi wa samaki. Nilimwona akirudia kutia ukwaju. “Mwanangu, tungule zako zina nyama tele,” aliniambia, “lakini mchuzi haujui kama zimetiwa.”

Neno hilo lilinikaa. Shamba langu ni robo ekari, Utange, na mnunuzi wangu wa mbali kabisa yuko Nyali. Ganda gumu na nyama kavu ni mali kwa mtu wa Taveta, ambaye mzigo wake unatikiswa usiku kucha barabarani. Tungule yangu mimi inapanda tuktuk nusu saa. Basi kwa nini nipande mbegu iliyotengenezewa safari ambayo sisafiri?

Nikageukia Money Maker, mbegu ya zamani, ganda jembamba, majimaji, ile tungule ambayo ukiikata jikoni harufu inafika barazani. Nikakosea wakati. Miche niliihamisha Desemba, kaskazi, ule msimu wa joto, imeshika. Ilikua vizuri, ikachanua vizuri, kisha maua yakapukutika chini kama mchele. Nikaona nimerogwa (usinicheke, jirani mmoja alinitazama vibaya wiki ile ile). Afisa wa kilimo aliyepita akanieleza kwamba adui si joto la mchana peke yake, ni la usiku. Usiku ukizidi nyuzi 21 hivi, maua ya tungule huanza kushindwa kutunga, na hapa Mombasa wakati wa kaskazi hata saa kumi za usiku unalala bila shuka. Chache zilizotunga ziliiva rangi ya chungwa. Nalo hilo ni joto: likipita nyuzi 30, ule wekundu haujengeki sawasawa. Wateja walidhani nawauzia mbichi.

Tangu hapo kalenda yangu ni ya kusi, msimu wa ubaridi. Mbegu kitaluni mwanzo wa Mei, chini ya kivuli cha makuti ili masika yasiivuruge, miche shambani Juni, kuchuma kuanzia Agosti. Kaskazi nalima mchicha na bamia, na roho yangu imetulia.

Mwaka uliofuata nilifanya lile ambalo ningelifanya mwanzo: mistari minne, miche ishirini kila mstari. Cal-J, Rio Grande, Money Maker, na Tengeru 97 niliyoletewa mbegu zake kutoka Tanzania. Samadi sawa, maji sawa, na daftari.

Rio Grande ilinivunja moyo mapema. Mimea sita ilinyauka ikiwa bado kijani, kama nguo iliyolowa. Nilikata shina karibu na mizizi, nikalitia katika glasi ya maji safi, na baada ya dakika chache uzi mweupe kama maziwa ukaanza kushuka. Huo ni mnyauko wa bakteria. Rio Grande inasifiwa kwa kuhimili mnyauko, kweli, lakini ule wa ukungu. Huu ni mwingine, unaishi udongoni na hauna dawa ya kupuliza. Niliing'oa, nikaichoma, na kipande kile sasa ni cha mahindi. Biringani na pilipili hazigusi pale, kwa kuwa ni ukoo mmoja na tungule.

Kuonja kulinifunza zaidi ya daftari. Nilimpelekea mama mmoja wa viazi karai, Kisauni, tungule za mistari yote bila kumwambia majina. Mimi nilikuwa na hakika atachukua Money Maker. Aliisukuma kando. Kachumbari yake ikikaa saa moja na chumvi na ndimu, Money Maker inageuka supu. Akachagua Tengeru 97: imara, haitoi maji, na inakaa siku kadhaa kikapuni bila kulegea. Shangazi naye, siku hiyo hiyo, akakumbatia Money Maker kwa mchuzi, kwa ule uchachu wake. Kumbe nilikuwa nikitafuta tungule moja tamu, na hakuna kitu kama hicho. Kuna ya sufuria na kuna ya bakuli.

Jambo jingine lilitoka kisimani. Maji ya kisima changu yana chumvi kidogo, na mstari wa mwisho, ambao tangi la maji ya mvua halikuufikia, ulizaa tungule ndogo zaidi lakini tamu kuliko zote. Chumvi huuzuia mmea kunywa sana, sukari ikajikusanya. Nikafurahi mapema, nikaumwagilia mstari mwingine maji ya kisima matupu. Nusu ya tungule zikaoza kitako, weusi mkavu chini, kwa kuwa chokaa haikufika kwenye tunda. Sasa nachanganya: maji matamu mpaka zitunge, kisha kisima kidogo kidogo zikikaribia kuiva.

Hoteli moja ilinivuta kwenye vitungule vidogo vya cheri. Vinastahimili joto kuliko hizi kubwa na bei ni nzuri, ila hela zilichukua miezi mitatu kuingia. Nimebakisha mimea kumi tu, wanangu wanavila vitungule vyake kama zabibu.

Msimu huu theluthi mbili ni Tengeru 97, iliyobaki ni Money Maker. Mbegu zote mbili natoa mwenyewe: nachagua mmea uliozaa vizuri bila ugonjwa, nakamua mbegu na maji yake kwenye kikombe, zinachacha siku mbili au tatu mpaka ule ute uachie, naosha, naanika kivulini juu ya karatasi. Wauza viazi karai watatu wananiletea ndoo zao siku za kuchuma. Kongowea naenda kununua vitunguu.