Skrini iliyogoma asubuhi za Julai

Julai ya Nairobi ina baridi ya kuuma, na baridi hiyo ndiyo iliyonionyesha ugonjwa wa skrini yangu. Ni skrini bapa ya inchi 17, ya mtumba, ninayoitumia kuchapia watu kazi zao hapa Umoja. Asubuhi nikibonyeza swichi, kitaa cha kijani kinapepesa mara tatu, kinazima. Nikiiacha kwenye stima nusu saa, inawaka. Baada ya wiki nusu saa ikawa saa mbili nzima, kisha ikagoma kabisa.

Fundi wa mtaani aliitazama bila kuifungua, akasema kioo kimekufa, ninunue nyingine. Sikukubali. Kioo kilichokufa hakingojei joto ndipo kiwake. Kapasita kuukuu, vile vikopo vidogo vya kuhifadhi chaji ya umeme kwenye bodi, ndizo zenye tabia hiyo: ndani yake mna majimaji, na yakianza kukauka, baridi huzidisha ukinzani hadi bodi ya umeme ishindwe kutoa volti zilizotulia.

Nilijaribu waya mwingine na soketi nyingine. Hali ni ile ile. Nikailaza kifudifudi juu ya blanketi, nikatoa skurubu, nikabandua kifuniko kwa kadi ngumu ya plastiki. Kisu huvunja vishikizo.

Hapa nakusihi usiharakishe. Kwenye bodi ya umeme kuna kapasita moja kubwa. Yangu imeandikwa volti 450. Stima yetu ya volti 240 ikishageuzwa humo ndani hufika karibu volti 340, na kapasita hiyo inaweza kuzihifadhi hata waya ukiwa umechomolewa. Niliiacha ilale usiku kucha, na bado niliipima kwa mita kabla ya kugusa kitu.

Wagonjwa walikuwa upande wa pili: kapasita ndogo nne, vichwa vimevimba, moja ikivuja ute wa kahawia. Mbili za mikrofaradi 1000 (kipimo cha chaji ambayo kapasita inaweza kuhifadhi), mbili za 470, zote volti 25.

Nikashuka Luthuli, barabara ya maduka ya vifaa vya elektroniki jijini, nazo mfukoni.

"Mama, nipatie kama hizi."

"Ni za bodi ya stima? Basi chukua za kuhimili joto la nyuzi 105, kijana wangu. Hizi za 85 zitakurudisha hapa."

Za volti 25 zilikuwa zimeisha, akanipa za 35. Mikrofaradi zifanane, volti zikizidi hakuna neno, mradi kapasita ienee mahali pake. Zote nne hazikufika hata shilingi 200.

Nilikuwa nimepiga picha ya bodi kabla ya kuyeyusha risasi inayoshikilia kapasita, kwa sababu ule mstari ubavuni ni upande wa hasi, na kapasita ikiwekwa kinyume hupasuka.

Jioni ile ikawaka. Sikushangilia, maana mchana kulikuwa na jua na chumba kilikuwa na joto. Niliizima, nikachomoa waya, nikalala. Saa kumi na mbili asubuhi, madirisha yakiwa yametanda ukungu, nikabonyeza swichi. Kitaa cha kijani kikawaka, kikatulia.