Siku moja karakanani: manati ya boksi inayofyatuliwa na mota

Saa 2:00 asubuhi. Kisu kinasubiri. Kwanza nakunja kona ya boksi nione mifereji yake ya ndani inaelekea wapi. Mkono wa manati uliokatwa kukingama mifereji hukunjika siku ya kwanza. Nakata vipande 3 vya sm 25, mifereji ikienda na urefu, navibandika kwa gundi nyeupe na kuvikandamiza kwa matofali. Boksi lililolala sakafuni silitumii. Unyevu wa Mombasa hulilegeza.

Saa 4:00. Gundi inakauka, nashika mota: servo ya SG90, mota ndogo inayogeuka hadi pembe unayoiamuru, gramu 9. Wengi huiachia irushe yenyewe, na hesabu inakataa. Huzunguka nyuzi 60 kwa kama sekunde 0.1, kwa mkono wa sm 20, ncha inapata mita 2 hivi kwa sekunde, na kipira kinaangukia nusu mita tu. Kurusha ni kazi ya mipira ya kufungia noti. Servo ifungue komeo linaloushikilia mkono, basi.

Saa 5:30. Waya wa chungwa, wa amri, pini 9 ya Arduino Uno (bodi ndogo ya kompyuta inayoiamuru servo), mwekundu kwenye chanya ya betri 4 za AA, wa kahawia kwenye hasi. Ukichukua umeme wa servo kwenye bodi, servo ikikwama tu voltiji inashuka na bodi inajiwasha upya. Hasi ya betri iungane na GND, yaani hasi, ya bodi. Ukisahau, servo hutetemeka ovyo au haisikii kabisa. Kitufe kiko kati ya pini 2 na GND, kwa INPUT_PULLUP, agizo la programu linaloishikilia pini juu mpaka kitufe kibonyezwe.

Saa 8:00. Ekseli ni kijiti cha mshikaki ndani ya kipande cha mrija wa soda, maana bila mrija tundu linalika na mkono unayumba. Kikombe ni kifuniko cha chupa ya maji.

Komeo ndipo penye kazi: kijiti cha sm 4 kinachopita juu ya mkono na kuchomoka kwa ubavu. Kikivutwa kushindana na mipira, servo inanguruma na haifungui. Nazungushia selotepu panapogusana, pateleze. Naamuru servo iende nyuzi 10 kwanza, ndipo nafunga skrubu ya wenzo wa servo.

Saa 10:00. Kipira cha tenisi ya mezani kinapiga sakafu hapo mbele tu: mkono unasimama umechelewa. Nafupisha uzi wa kuuzuia mpaka usimame ungali umelala nyuma nyuzi 45.

Saa 11:30. Navua mipira yote. Ikilala imevutwa, asubuhi mkono umepinda.