Kashata za Idi zilizokuwa zikigeuka mawe Nairobi
Mimi ni wa Unguja, naishi Nairobi, na kila Idi huwaalika rafiki zangu waje kula visheti, labania na kashata nilizopika mwenyewe. Tatizo lilikuwa shira. Kipimo cha joto kikifika nyuzi 114, kama tunavyopika kwetu, kashata zilitoka ngumu kama mawe.

Sababu ni mwinuko. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na huku maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, si 100. Shira ikifika 114 huku, maji yaliyokwisha kukauka ni mengi kuliko Unguja. Nikapunguza nyuzi 6: sasa naepua kwenye 108. Tena nahakikisha kwa njia ya bibi, ninayoiamini kuliko kipimo chochote: tone la shira kwenye bakuli la maji baridi likijikusanya kuwa kidonge laini, tayari. Nazi iliyokunwa na iliki huingia hapo hapo.

Nazi nanunua Marikiti; ile kavu ya pakiti siipendekezi kabisa, haina ladha. Visheti nakaanga siku moja kabla. Kashata namimina kwenye sinia lililopakwa mafuta na kuzikata zingali moto.