Siku moja maishani mwangu: nikifasiri habari za walinda amani wa China, Mbeya

Saa kumi na moja na nusu alfajiri. Baridi ya Mbeya ya mwezi wa Julai haina adabu. Hupita chini ya mlango na kupanda kitandani bila kubisha hodi. Ninawasha jiko la mkaa, ninabandika chai, na kabla haijachemka nimekwisha kufungua kompyuta, kwa sababu umeme wa asubuhi ni wa kuutumia ukiwapo.

Mimi ni mfasiri. Ninalitaja hilo mapema kwa kuwa hapa mtaani kwetu, Soweto, wengi wanaamini kwamba kazi yangu ni kuchapa barua za maombi ya ajira, na wale wachache wanaojua ukweli huniuliza kwa nini nisiiache kompyuta ifasiri yenyewe nami nikaenda kulima viazi. Leo mezani kuna kijitabu cha kurasa 42, kilichoandikwa kwa Kiingereza, kinachoeleza jinsi China ilivyopanda ngazi katika shughuli za Umoja wa Mataifa za kulinda amani. Taasisi moja ya Dar es Salaam inakihitaji kwa ajili ya semina za vijana na madiwani, na inakihitaji leo, saa tatu usiku.

Saa kumi na mbili hadi saa nne zinapita kwa utulivu, na kurasa za historia zinanipa raha ambayo sikuitarajia. Kijitabu kinaanzia mwaka 1950, China ilipopigana Korea dhidi ya majeshi yaliyobeba bendera ya Umoja wa Mataifa, jambo linaloeleza kwa nini hata baada ya kupewa kiti chake katika Umoja huo tarehe 25 Oktoba 1971 iliendelea kuzitazama kofia za buluu za walinda amani kama kisingizio cha wakubwa kuingia katika nyumba za wadogo. (Wasomaji wetu hawatahitaji kuelezwa zaidi kuhusu siku ile ya Oktoba: balozi wetu Salim Ahmed Salim alikuwa ukumbini, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizolisukuma azimio la kuipa China kiti hicho.) Kwa miaka kumi haikupiga kura wala kulipa senti kwa shughuli hizo. Mwaka 1981 ikaunga mkono kuongezwa muda kwa kikosi cha Kupro, mwaka 1988 ikajiunga na kamati maalumu ya ulinzi wa amani, na mwaka 1990 ikapeleka waangalizi wa kijeshi watano Mashariki ya Kati. Watano tu. Miaka miwili baadaye wahandisi wa kijeshi wapatao 400 walikuwa Kambodia wakitengeneza barabara na madaraja. Wahandisi na matabibu ndio waliokuwa sura ya China kwa muda mrefu, katika Kongo na Liberia tangu mwaka 2003 na kwingineko, hadi mwaka 2015 ilipopeleka Sudan Kusini batalioni yake ya kwanza kamili ya askari wa miguu, watu 700. Mwezi Septemba wa mwaka huohuo Rais Xi Jinping aliahidi kikosi cha akiba cha watu 8,000. Mwezi Julai mwaka uliofuata askari wawili wa batalioni ile waliuawa Juba.

Saa nne na dakika kumi simu inalia. Ni afisa wa mradi, kijana mwenye heshima zake, ambaye huanza kila simu kwa "Shikamoo mama" na huimaliza kwa kunivurugia kazi.

"Mama, ile sentensi ya ukurasa wa 17 ni ndefu mno. Iandike tu kwamba China ni mchangiaji wa pili kwa ukubwa duniani katika ulinzi wa amani."

Nikamuuliza: mchangiaji wa nini?

"Wa ulinzi wa amani, mama."

Hapo ndipo siku yangu ilipoharibika, na ninaomba msomaji anivumilie nieleze, kwa sababu jambo hili ndilo linalotenganisha kufasiri na kuchapa. Kiingereza cha kijitabu kile kina maneno mawili yaliyozoeleka, moja kwa nchi inayopeleka askari na jingine kwa nchi inayolipa bajeti. Kiswahili chetu kinayameza yote mawili katika neno "mchangiaji" na hakibaki na mfupa mkononi. Kwa upande wa fedha, sentensi ya yule kijana ni kweli tupu. Sehemu ya China katika bajeti ya kulinda amani ilikuwa asilimia 6.64 katika miaka ya 2013 hadi 2015, ikavuka 10 mwaka 2016, ikafika 15.21 mwaka 2019 na 18.69 mwaka 2022, na kwa miaka ya 2025 hadi 2027 imepangiwa 23.78, ikiifuata Marekani kwa karibu sana. Michango hiyo ni ya lazima, si sadaka. Hupigiwa hesabu kulingana na uchumi wa nchi, kisha wanachama watano wa kudumu wa Baraza la Usalama huongezewa mzigo ili kufidia punguzo la nchi maskini, na nchi zilizo nyuma kabisa kimaendeleo, Tanzania ikiwemo, hupunguziwa asilimia 90.

Kwa upande wa askari, sentensi hiyohiyo ni uongo. China ndiyo inayopeleka askari wengi kuliko wale wanachama wengine wanne wa kudumu, na hilo linastahili kusemwa. Lakini Nepal, Rwanda, Bangladesh na India zinapeleka zaidi ya mara mbili ya idadi yake. Diwani wa Chunya akisoma kwamba China ni ya pili kwa kuchangia, atawaona vijana wa Kichina wakiwa wamejipanga na bunduki, hatamwona mhasibu.

Nikamweleza kijana haya yote. Akanyamaza kidogo, akasema atawasiliana na bosi wake. Saa tano kasoro robo akapiga tena: bosi anaona sentensi fupi inapendeza zaidi. Nikamwambia sipingi ufupi. Saa tano na nusu umeme ukakatika, naye akapiga mara ya tatu, betri ya kompyuta ikiwa asilimia 38, kuuliza kama "mdau mkubwa" lingefaa badala ya "mchangiaji". Nikamjibu kwamba "mdau" ni neno ambalo halijawahi kumdhuru mtu kwa sababu halijawahi kumweleza mtu chochote.

Basi nikajaribu njia ya harusi. Nikamwambia: kijana wangu, umewahi kuwa katika kamati ya harusi? Akacheka, akasema wapo wasiowahi? Nikamwambia: yupo anayetoa milioni mbili na hatoonekana hadi siku ya ukumbi; wapo wanaokesha na masufuria, moshi machoni, waliotoa elfu ishirini; na yupo mwenyekiti wa kamati, ambaye pengine hakutoa kikubwa wala hakupika, ila ndiye anayeamua wageni waketi wapi. Ukiandika kwamba wote ni wachangiaji hukukosea, lakini hukumwambia bibi harusi kitu. China miaka ya 1990 ilikuwa inaleta fundi na daktari. Leo inatoa fungu la pili la fedha na inaleta mikono kiasi. Uenyekiti bado haijaupata, maana idara ya Umoja wa Mataifa inayosimamia shughuli hizi imeongozwa na Wafaransa mfululizo tangu mwaka 1997, na Jean-Pierre Lacroix ameishika tangu 2017. Anayetaka kujua China inataka nini huko mbele na aanze hapo, kwenye pengo lililopo kati ya mfuko na kiti.

"Nimekuelewa kabisa, mama," akasema. "Lakini hapa tunazungumzia diplomasia."

Sikumbuki vizuri ilikuwa saa ngapi nilipofunga kompyuta na kutoka, ila jua lilikuwa limeupiga mlima Loleza na ukungu ulikuwa umekwisha. Nilikwenda kwa jirani yetu, mzee mstaafu wa Jeshi la Wananchi, ambaye ana betri ya sola na, lililo muhimu zaidi, amewahi kwenda misheni. Neno "misheni" nimelipata kwake. Kijitabu kinataka "operesheni za ulinzi wa amani", na hivyo ndivyo nilivyoandika, lakini katika nyumba zenye askari mtu huenda misheni na hurudi kutoka misheni, na nimeliweka neno hilo katika maelezo ya mwanzo bila kumwomba mtu ruhusa.

"Shikamoo afande."

"Marahaba mwanangu. Bado uko na Wachina wako?"

Mzee alikuwa Darfur, nchini Sudan, upande wa kusini, katika kambi ya Khor Abeche. Anakumbuka kwamba wahandisi wa China walikuwa mji wa Nyala, na kwamba kabla hajaona askari wa Kichina mwenye silaha ya maana alikuwa amekwisha kuona kisima walichokichimba. Nilimwuliza kama yeye na wenzake waliwaona kuwa walinda amani kama wao. Alifikiri kwa muda mrefu, akanijibu kwamba kule maji ni silaha, anayeyachimba halali usingizi mnono, na kwamba hata hivyo doria ni doria. Hakuendelea. Tarehe 13 Julai 2013 Watanzania saba waliuawa katika shambulio la kuvizia kusini mwa Darfur, na mwezi huu ukifika mzee huongea kidogo. Sikumgusia Semuliki ya Desemba 2017, huko mashariki mwa Kongo, walikouawa Watanzania wengine. Ipo ukurasa wa 29, katika sehemu inayoeleza kile kikosi cha kujibu mashambulizi kilichoundwa mwaka 2013 kwa ajili ya Kongo kwa askari wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi. China ilikipigia kura ya ndiyo, kama Baraza zima, lakini waliokwenda kupigana walitoka huku kwetu. Ukurasa huo niliufasiri nikiwa peke yangu.

Aliporejea kuzungumza alizungumzia fedha, kama kila mstaafu. Watu wa mtaani wanadhani alirudi na magunia ya dola. Nikamwambia kijitabu kinaeleza kwamba Umoja wa Mataifa haulipi askari mmoja mmoja bali huirudishia serikali yake gharama, na kwamba kuanzia Julai 2018 kiwango kilikuwa dola 1,428 kwa askari kwa mwezi. Na kwamba wakubwa wakichelewesha michango yao, serikali ndogo zilizokwisha kupeleka watu ndizo zinazobaki zikisubiri. Mzee akaguna. Mimi mwenyewe nalijua somo hilo, kwa sababu ile taasisi bado haijanilipa kazi ya mwezi wa Aprili.

Mchana uliobaki ni ukurasa juu ya ukurasa. Mgongo uliniuma, wali wa maharage ulipoa pembeni, treni ya TAZARA ilisikika kwa mbali ikipiga honi, nami nikajikuta nikifikiria kwamba wazee wa hapa waliwaona Wachina wakija na makoleo kuijenga reli hiyo miaka ya 1970, na kwamba kwao habari ya China kuleta wahandisi kabla ya kuleta askari si ya kushangaza hata kidogo. Nililiandika wazo hilo pembeni, kisha nikalifuta, kwa kuwa mfasiri halipwi kwa mawazo yake.

Umeme ulirudi magharibi. Ukurasa wa 17 niliuandika mara sita. Toleo la mwisho linasema: "Kwa fedha, China ni ya pili duniani baada ya Marekani; kwa idadi ya askari, inatanguliwa na nchi kadhaa za Asia na Afrika, ingawa inawazidi wanachama wenzake wanne wa kudumu." Maneno ni mengi kuliko aliyoyataka kijana, na neno "mchangiaji" halimo kabisa. Niliutuma mswada saa tatu kasoro dakika nne usiku, pamoja na ankara ya kazi hii na ile ya Aprili.

Saa nne, nikiwa nimekwisha kumwaga majivu ya jiko, simu ikawaka. "Shikamoo mama, pole na kazi. Bosi ameupenda ukurasa wa 17. Ameuliza kama zile asilimia za michango tunaweza kuziondoa, ili ubaki ule ufupi."

Nimevaa sweta la pili na kuifungua kompyuta tena.