Nilivyotibu kuchanika kwa picha kwenye mchezo wa kompyuta bila kubadilisha kadi ya grafiki

Kuchanika kwa picha ni tatizo ambalo wachezaji wengi wa michezo ya kompyuta wanalijua kwa macho hata kabla ya kulipatia jina. Ukigeuka kwa kasi kwenda kushoto au kulia, mstari wa mlalo unapita kwenye kioo, na sehemu ya picha iliyo juu ya mstari huo hailingani na iliyo chini yake. Mimi huchezea nyumbani Tabata, Dar es Salaam, na katika mchezo wa kuendesha malori ninaoupenda, nguzo za taa za barabarani ndizo zilizonionyesha jambo hilo waziwazi kuliko kitu kingine chochote: kila nilipokata kona, nguzo moja ilionekana vipande viwili, cha juu kikiwa kimeachwa nyuma na cha chini kikiwa kimeshasogea.

Fundi mmoja niliyemweleza hali hiyo aliniambia, “Kaka, hiyo kadi imechoka, tafuta nyingine yenye nguvu,” akimaanisha kadi ya grafiki, kifaa cha ndani ya kompyuta kinachotengeneza picha. Jirani yangu yeye aliamini kwamba chanzo ni umeme unaopanda na kushuka. Sikukubali kutoa fedha kwa ushauri wa aina hiyo kabla ya kuelewa kinachotokea ndani ya kioo, na ninaandika haya kwa sababu naona vijana wengi wa hapa mjini wanauza kadi nzima kwa bei ya hasara na kununua nyingine, kisha wanakuta mstari uleule unawasubiri.

Monita haionyeshi picha yote kwa mkupuo. Huichora mstari baada ya mstari kuanzia juu kwenda chini, na monita ya hezi 60 hurudia kazi hiyo mara 60 kwa sekunde, yaani kila mzunguko huchukua takriban milisekunde 16.7. Kadi ya grafiki nayo hutengeneza picha zake, ambazo wachezaji huziita fremu, kwa mwendo wake yenyewe: penye barabara tupu inatengeneza nyingi, penye mji wenye majengo na magari inatengeneza chache. Kadi ikikabidhi fremu mpya wakati monita imefika katikati ya kuchora ile ya zamani, monita haianzi upya, bali inaendelea kuchora kutoka pale ilipofika kwa kutumia fremu mpya, na hapo ndipo mpasuko unapozaliwa. Kwa hiyo hakuna kifaa kilichoharibika. Ni saa mbili zisizokubaliana, na kadi yenye nguvu zaidi isiyodhibitiwa itakabidhi fremu nyingi zaidi katikati ya uchoraji.

Jaribio la kwanza nililofanya halikuhitaji kifaa chochote zaidi ya simu. Nilipiga picha ya skrini kwa kitufe cha kibodi wakati lori linageuka, na hapohapo mpwa wangu akarekodi kioo kwa simu katika mwendo wa polepole. Tulipolinganisha, mpwa wangu aliuliza, “Mjomba, mbona kwenye picha ya kompyuta nguzo imenyooka?” Sababu ni kwamba picha ya skrini huchukuliwa kutoka kwenye kumbukumbu ya kompyuta, mahali ambapo kila fremu ni kamili, ilhali simu inaona kile ambacho monita imechora kweli. Kasoro inayoonekana kwenye video ya simu lakini haimo kwenye picha ya skrini inaelekeza kwenye makabidhiano kati ya kadi na monita. Kadi inayokufa, kinyume chake, mara nyingi huacha madoa na rangi za ajabu ambazo hazingoji ugeuke kona ndipo zijitokeze.

Baada ya hapo nilihitaji namba. Niliwasha kihesabu cha fremu kinachokaa pembeni mwa kioo, na nikaona kwamba barabara kuu ilinipa fremu zaidi ya 90 kwa sekunde, lakini mijini zilishuka hadi karibu na 50. Nilipoweka kikomo cha fremu 60, nikitarajia kwamba 60 kwa 60 zitalingana, mpasuko haukuondoka, bali ulibadilika tabia: badala ya kurukaruka, mstari ulianza kutambaa taratibu kwenye kioo kutoka upande mmoja hadi mwingine. Jambo hili lilinivutia sana. Ile inayoitwa hezi 60 mara nyingi ni 59.94 hasa, na tofauti hiyo ya 0.06 inatosha kuusafirisha mstari kupitia kioo kizima kwa takriban sekunde 17. Kuweka kikomo peke yake kunazifanya saa mbili zikaribiane, lakini hakuzifungi pamoja.

Kinachozifunga pamoja ni V-Sync, ambayo imo kwenye mipangilio ya karibu kila mchezo. Ukiiwasha, kadi hairuhusiwi kukabidhi fremu mpaka monita imalize mzunguko wake, na mpasuko unatoweka kabisa. Gharama yake ni kusubiri. Ni sawa na pantoni, kile kivuko cha kwenda Kigamboni: ukifika Kivukoni mlango umeshafungwa, hata kama umechelewa kidogo tu, utangoja zamu inayofuata. Fremu iliyochukua milisekunde 17 imekosa nafasi yake kwa chini ya nusu milisekunde, lakini itasubiri hadi milisekunde 33.3, na zikiwa nyingi za namna hiyo mfululizo mchezo unashuka ghafla kutoka fremu 60 hadi 30. Mijini lori langu lilikuwa likienda kwa kukwamakwama kwa sababu hiyo, na usukani ulichelewa kuitikia. Mbinu ya kutumia bafa tatu badala ya mbili, yaani sehemu za kumbukumbu ambamo fremu huchorwa na kusubiri, hupunguza mteremko huo, kwa kuwa kadi inapata mahali pa kuendelea kuchora wakati inasubiri, lakini ule uzito wa usukani hauishi.

Ndipo nikaanza kuichunguza monita yenyewe, na hapa ndipo ningependa msomaji apunguze mwendo. Nyuma yake palikuwa na kibandiko kilichosema hezi 75, ilhali Windows ilikuwa imeiweka kwenye 60. Ndani ya menyu ya monita, ile inayofunguliwa kwa vitufe vilivyo chini ya kioo, palikuwa na kipengele cha FreeSync kilichozimwa. Teknolojia hii inageuza mpangilio wote: badala ya fremu kuisubiri monita, monita inaisubiri fremu na kuanza kuchora pale inapokuwa tayari. Shirika la VESA, linaloweka viwango vya monita, liliingiza kanuni yake, Adaptive-Sync, kwenye kiwango cha DisplayPort 1.2a, aina ya muunganisho kati ya kompyuta na monita, mwaka 2014, na AMD, kampuni ya kutengeneza kadi, ndiyo inayoitumia kwa jina la FreeSync. Kadi yangu ni GeForce GTX 1060 ya NVIDIA, kampuni inayoshindana na AMD, na kwa miaka kadhaa kadi za NVIDIA zilifanya kazi hiyo kwa monita zenye G-Sync, teknolojia yake yenyewe, tu, mpaka draiva (programu inayoiendesha kadi) ya Januari 2019 ilipofungua mlango kwa monita za Adaptive-Sync, kuanzia kadi za mfululizo wa GTX 10. Sharti kwa kadi za mfululizo huo ni kwamba monita iunganishwe kwa DisplayPort. Yangu ilikuwa imeunganishwa kwa kebo ya aina nyingine, HDMI, iliyokuja nayo kwenye boksi.

Hivyo nilikwenda Kariakoo kutafuta kebo, si kadi. Anayekwenda huko kwa shughuli hii aangalie vichwa vyote viwili vya kebo kwa macho yake, maana zile zenye DisplayPort upande mmoja na HDMI upande mwingine ni nyingi na hazisaidii hapa. Kichwa cha DisplayPort kimekatwa pembe moja tu, wakati cha HDMI kimepunguzwa pembe zote mbili za chini. Na nyingi za DisplayPort zina vijino viwili vidogo vinavyong’ata tundu, pamoja na kitufe cha kubonyeza unapoichomoa. Niliipata iliyo sahihi kwa sehemu ndogo sana ya bei ya kadi.

Nyumbani nilifuata mpangilio huu: nikawasha FreeSync kwenye menyu ya monita, nikaweka hezi 75 kwenye mipangilio ya Windows, kisha kwenye paneli ya NVIDIA, yaani programu ya mipangilio ya kadi, nikawasha G-Sync na kutia alama ya kuiruhusu kwa monita yangu, kwa kuwa haimo kati ya zilizoidhinishwa rasmi na kampuni hiyo. V-Sync niliizima ndani ya mchezo na kuiwasha kwenye paneli, na fremu nikaziwekea kikomo cha 72. Kikomo kidogo chini ya 75 ni muhimu, kwa sababu fremu zikigonga dari ya monita, kusubiri kwa V-Sync kunarudi, na uzito wa usukani unarudi nao.

Dari ni upande mmoja tu. Monita yangu hufuata fremu kati ya hezi 48 na 75, na nafasi hiyo ni nyembamba mno kwa ile mbinu ya kurudia fremu mara mbili pale zinapopungua, ambayo huhitaji dari iwe angalau maradufu ya sakafu. Fremu zikishuka chini ya 48, monita haiwezi tena kuzifuata, na kusubiri kwa V-Sync kunarudi. Kwa hiyo nilipunguza vivuli na vioo vya pembeni vya lori, vitu viwili vinavyoitesa kadi kuliko vingine katika mchezo huu, mpaka sehemu nzito za mji zikabaki juu ya 50. Mchana wa joto la Dar es Salaam zilikuwa bado zikishuka, kwa kuwa kadi ikipata moto hujipunguzia kasi yenyewe. Nilipofungua kasha nilikuta vumbi limejaa kati ya mapezi ya kupozea, na baada ya kulisafisha kwa brashi laini, kompyuta ikiwa imechomolewa kwenye umeme, fremu za mchana zilikaribiana na za usiku.

Mwenye monita isiyo na Adaptive-Sync bado ana njia. Aucheze mchezo kwenye dirisha lisilo na kingo linalojaza kioo kizima, kwa kuwa katika hali hiyo kwa kawaida Windows ndiyo inayopanga picha zote kabla ya kuzipeleka kwenye monita, na mpasuko hauonekani. Kama kompyuta yake haiwezi kushikilia fremu 60, ni bora awashe V-Sync na kuweka kikomo cha 30 kwa makusudi kuliko kuiacha ipande na kushuka, maana jicho huzoea mwendo wa pole ulio sawa mapema kuliko mwendo wa kasi unaokatikakatika.