Kabla hujalipia Subaru Impreza iliyotumika

Anza na tairi. Impreza nyingi huendeshwa na magurudumu yote manne, hivyo kashata za tairi zote zinapaswa kuwa zimelika sawa. Mzingo wa tairi ukipishana zaidi ya milimita 6 hivi, kiunganishi cha katikati, kinachogawa nguvu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, hakipumziki. Hupata joto, kisha hukwama. Injini ikishapata moto, kata usukani hadi mwisho na uzunguke polepole kwenye lami kavu. Gari likijikaba au kurukaruka, achana nalo.

Kwa injini za EJ (aina ya injini za Subaru za miaka ya nyuma), mulika tochi kwa chini, hedi zinapokutana na bloku. Oili au maji yakichuruzika hapo, gasketi (viziba vya kati ya hedi na bloku) zimechoka. (Injini iliyooshwa asubuhi hiyo haikaguliki.) Mkanda wa taimingi hubadilishwa takriban kila kilomita 100,000; pasipo risiti, punguza gharama yake kwenye bei.